Wasichana wa Riwaya Wamekuwa Mabibi: Fasihi Yetu na Umri wa Wanawake wa Dar es Salaam



Leo naomba nichokoze mjadala kuhusu jambo ambalo sisi wahakiki tumelipita miaka nenda miaka rudi bila kuligusa. Nalo ni umri. Tumeandika mno juu ya "nafasi ya mwanamke" katika riwaya ya Kiswahili. Makala na tasnifu za mada hiyo ukizipanga chumbani zitafika darini. Tumemjadili mwanamke anayeonewa, mwanamke malaya, mwanamke mama wa taifa, mwanamke mkombozi. Lakini hivi, jamani, huyo mwanamke ana miaka mingapi? Swali linaonekana la kitoto. Mimi nadhani tukilijibu kwa makini tutagundua kwamba fasihi yetu ya mjini na jiji lenyewe viliachana njia zamani, na hakuna aliyetoa taarifa.

Nianze na hesabu, maana bila hesabu tutakuwa tunapiga soga tu.

Sensa ya 1967 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu 356,286. Sensa ya Agosti 2022 iliukuta na watu 5,383,728. Kwamba Dar imefura, hilo kila mtu analijua. Lisilosemwa sana ni nani hasa aliyeifurisha. Mwaka 2002 wanaume walikuwa 1,261,077 na wanawake 1,236,863. Yaani bado wanaume walizidi kwa elfu ishirini na nne hivi, urithi wa tangu enzi za mkoloni, aliyeutaka mji uwe wa makuli na makarani wa kiume na wake zao wabaki shamba wakilima. Mwaka 2012 mizani ikapinduka: wanawake 2,238,755, wanaume 2,125,786. Mwaka 2022 pengo likapanuka zaidi: wanawake 2,783,710, wanaume 2,600,018. Kwa lugha ya wanatakwimu, kwa kila wanawake 100 kulikuwa na wanaume 102 mwaka 2002, wanaume 95 mwaka 2012, na wanaume 93 mwaka 2022. Katika ile miaka kumi ya kwanza peke yake, jiji liliongeza wanawake milioni moja na ushei.

Sasa tuje kwenye umri. Ukiitazama piramidi ya umri ya Dar es Salaam, utaona haifanani na piramidi ya nchi. Ya Tanzania nzima ina kitako kipana cha watoto halafu inachongoka kwenda juu, kama kichuguu. Ya Dar ina tumbo. Imetuna katikati, hasa upande wa wanawake, kwenye miaka 20 hadi 29, hata kuwapita watoto wa miaka 10 hadi 14. Sababu ni mbili na zote zinaeleweka. Kwanza, wasichana wanaingia kutoka mikoani kwa makundi: kusoma, kutafuta kazi, kuolewa, kufanya kazi za ndani. Pili, wanawake wa mjini wanazaa watoto wachache. Utafiti wa afya na uzazi wa 2022 ulikuta mwanamke wa mjini Tanzania anatarajiwa kuzaa wastani wa watoto 3.6, wa kijijini 5.5. Kwa hiyo kitako kinapungua na tumbo linaongezeka.

Mpaka hapo mtu anaweza kuniambia: basi fasihi yetu iko sawa! Jiji limejaa wasichana, na riwaya zimejaa wasichana. Ugomvi uko wapi?

Ugomvi ni huu: tumbo la piramidi halikai mahali pamoja. Linapanda. Kila sensa linapanda ngazi moja au mbili. Tuchukue msichana mmoja wa kufikirika, aliyezaliwa 1955 na kushuka basi Dar mwaka 1975 akiwa na miaka 20. Sensa ya 1988 ilimkuta na miaka 33. Ya 2002 ilimkuta na 47. Ya 2012, 57. Ya 2022, 67. Sasa hivi amevuka 70. Msichana huyo ndiye riwaya zetu za miaka ya 70 na 80 zilimwandika kwa hofu na kwa huruma: msichana aliyekuja mjini. Wasomaji tulimwacha stendi na kibegi chake, tukafunga kitabu. Yeye alikwenda zake kuishi miaka hamsini mingine.

Naomba tuvipitie vitabu vichache, kwa heshima zote kwa waandishi wake, maana ni vitabu ninavyovifundisha na kuvipenda.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inamchukua Rosa kutoka kwa baba mkali kule Ukerewe, inampeleka shuleni na chuoni, na inamwua angali kijana, kwa mkono wake mwenyewe. Rosa hakuwa mwanamke wa Dar, lakini yeye ndiye aliyeweka kipimo: msichana anatoka chini ya mkono wa baba, anakutana na ulimwengu, ulimwengu unamharibu, hadithi inakwisha. Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ina Maimuna, msichana aliyefungiwa ndani na baba mwenye cheo, akatoroka, akaishia kwenye ulevi na kuuza mwili. Hapa lazima nimpe mwandishi haki yake. Hakumwua Maimuna, alimrudisha. Lakini angalieni anavyorudi: amechakaa kabla ya wakati wake, amezeeshwa na pombe na maradhi, ilhali kwa miaka bado mbichi. Katika riwaya hizi uzee wa mwanamke wa mjini unakuja kama adhabu. Hauji kwa sababu tu siku zimepita.

Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999), ambayo Amil Shivji aliigeuza filamu mwaka 2021, inaanza na Yasmini wa miaka kumi na tano anayeozwa kwa mwanaume wa kumzaa. Hadithi inatokea Zanzibar ya miaka ya 1950. Piga hesabu mwenyewe: Yasmini kama yu hai leo ana miaka themanini na zaidi. Ben Mtobwa naye katika Dar es Salaam Usiku (1990) alituchorea jiji lenyewe, na jina la kitabu linatosha kukuambia wanawake wake tunakutana nao saa ngapi.

Sisemi kwamba vikongwe hawamo. Wamo. Katika hiyo hiyo Utengano wamo Biti Kocho na Bi Farashuu, na msomaji makini anajua kwamba bila vizee hao wawili hadithi isingesogea hata hatua moja. Wao ndio wanaojua siri, wao ndio wanaofungua milango. Lakini ukitazama mitihani na miongozo tunayowaandikia wanafunzi, swali linaloulizwa ni la Maimuna na baba yake. Vizee wanatajwa kwenye "wahusika wengine". Hapo siwalaumu waandishi. Hapo ni sisi walimu na wahakiki.

Na cha ajabu zaidi, mwanzo wetu haukuwa hivyo. Maandishi ya kwanza makubwa ya Kiswahili kuhusu mwanamke aliyehamia mjini ni Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert. Siti inakisiwa alizaliwa mwaka 1880, kijijini Fumba. Aliingia mji wa Unguja mwaka 1911, yaani akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, ambaye ameshaona ndoa na ameshazaa. Alipokwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928 alikuwa anakaribia hamsini! Kwa vipimo vya riwaya zilizokuja baadaye, Siti angekuwa ameshakufa mara mbili. Lakini Shaaban Robert hakuona ajabu yoyote kumwandika mwanamke ambaye mji ulimpa jina baada ya ujana wake kupita.

Tukija Dar yenyewe, mfano ni Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa 1926, mtoto wa mjini, aliyekuwa mwimbaji wa ngoma kabla ya kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU katikati ya miaka ya 1950. Yeye mwenyewe alikuwa hajafika hata thelathini alipoanza, lakini aliowakusanya ni akina nani? Susan Geiger, katika kitabu chake TANU Women cha 1997, alionyesha kwamba wanawake walioibeba TANU Dar es Salaam wengi walikuwa watu wazima, Waislamu, wenye elimu ndogo ya shule au wasio nayo kabisa, wengi wao waliwahi kuachika, wenye vyama vya ngoma na shughuli zao za kujitafutia riziki. Hawakuwa na baba wa kuwafungia ndani wala mume wa kuwaomba ruhusa. Ndiyo maana waliweza kutoka usiku kwenda mikutanoni na kupita mlango kwa mlango kuuza kadi. Uhuru wa Tanganyika ulipatikana kwa miguu ya wanawake ambao leo riwaya ingewaita "mama mmoja wa makamo" na kuendelea na safari. Bibi Titi amefariki mwaka 2000, na barabara kubwa ya Dar ina jina lake. Watu wanaipita kila siku. Riwaya yake bado naisubiri.

Kwa hiyo swali langu la kihakiki ni hili: ilikuwaje mwanamke mzima wa mjini akapotea? Nina majibu mawili, nanyi mtanisahihisha.

Jibu la kwanza ni lile wazo kwamba uzee una mahali pake, na mahali pake ni kijijini. Katika fasihi yetu bibi anakaa shamba. Anapika kwa kuni, anasimulia hadithi, anatunza mila, anamsubiri mjukuu arudi likizo. Penina Muhando alipotaka kuuliza wanawake wakiungana watasimamisha nini, katika Nguzo Mama (1982), alikwenda kijijini, na kwa wakati ule alikuwa na haki, maana wanawake wengi wa nchi walikuwa huko. Ila wazo hilo la uzee kuwa mali ya kijiji lilisaidiwa na siasa. Serikali ya mkoloni haikumtaka mjini mtu asiye na kazi ya mshahara. Serikali yetu nayo, mwaka 1983, ilifanya operesheni ya Nguvu Kazi na kuwasomba waliohesabiwa kuwa wazururaji wakalime. Mjini palikuwa pa kufanyia kazi, siyo pa kuzeekea. Sasa Mzaramo wa Magomeni unamwambia arudi kijiji gani? Kijiji chake ndicho hicho kilichomezwa na jiji. Na yule wa kutoka Kilosa au Songea ambaye ndugu wa umri wake wameshakwisha, shamba limegawanywa, na wajukuu wote wako Mbagala, anarudi kwa nani?

Jibu la pili ni takwimu zenyewe, na hapa nataka niwakosoe wanatakwimu kama nilivyowakosoa wenzangu wa fasihi. Sensa imegawa watu katika mafungu. Walio chini ya miaka 15 ni wategemezi. Wa 15 hadi 64 ni nguvu kazi. Kuanzia 65 ni wategemezi tena. Kisha ule utafiti wa afya na uzazi, ambao ndio unaotueleza mengi kuhusu maisha ya wanawake, unawahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49 tu, kwa kuwa huo ndio unaoitwa umri wa kuzaa. Ukitimiza 50, dodoso linakuaga. Kwa hiyo riwaya inamwacha mwanamke akiwa na miaka 25, utafiti unamwacha akiwa na 49, na sensa inamwandika tegemezi akiwa na 65. Mimi nimeshavuka hiyo 49, na nawahakikishia sijasikia kengele yoyote ikilia.

Mama yangu alizaliwa mwaka ambao babu alirudi kutoka Bama na jeshi la KEYA. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na ndivyo anavyojibu. Sisi tumekisia ni 1946. Alikuja Dar akiwa na miaka ishirini hivi, msichana wa riwaya kabisa, kwa basi, kutoka Kilosa. Hakuharibiwa na jiji wala hakujiua. Alikaanga vitumbua Magomeni kwa miaka thelathini na zaidi, akacheza upatu na wenzake, akasomesha. Miaka ya 80, mshahara wa baba ulipokuwa hauvuki tarehe kumi, chakula cha nyumba kilitoka kwenye kikaango chake. Aili Mari Tripp ameieleza vizuri hali hiyo katika Changing the Rules (1997): Dar ya miaka ile mishahara ilianguka, na miradi midogo ya akina mama ndiyo iliyobeba kaya. Kwenye sensa mama ni tegemezi tangu alipofika 65. Kwa miaka mingi baada ya hapo wajukuu watatu walikula kwake, wakalala kwake, wakavaa sare alizonunua yeye. Nani alikuwa anamtegemea nani?

Na umri wenyewe wa mabibi zetu ni kitu cha kukisia. Karani anauliza mwaka, bibi anajibu kwa tukio: njaa, vita, kimbunga, utawala wa liwali fulani. Karani ana haraka, nyumba bado nyingi, anaandika 60, au 65, au 70. Ndiyo maana wataalamu wa sensa wanalijua vizuri tatizo la umri kurundikana kwenye tarakimu zinazoishia na sifuri na tano. Bi Kidude alipofariki Aprili 2013 dunia nzima ilimwomboleza, na mpaka leo hakuna awezaye kusema kwa hakika alikuwa na miaka mingapi, zaidi ya kwamba huenda aliipita mia. Kwa mwanatakwimu hilo ni kosa la data. Kwa mwandishi hiyo ni zawadi: mtu anayehesabu maisha yake kwa matukio tayari ameshaanza kusimulia hadithi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma, ambalo ndilo lililonifanya nikae usiku huu kuandika.

Nilisema piramidi ya Dar ina tumbo la wasichana, na kwamba wasichana wa zamani wamepanda juu. Tukiyasoma mambo haya mawili kwenye jedwali tunadhani ni makundi mawili tofauti. Hebu ingia nyumbani kwa mtu Tabata, Sinza, Kijitonyama. Utayakuta makundi yote mawili chini ya bati moja. Yupo bibi wa miaka sabini na kitu, magoti yanauma, presha iko juu. Na yupo msichana wa miaka kumi na sita au kumi na minane, kaletwa kutoka Singida au Iringa, anayemwogesha, anayempikia uji, anayelala chumba kimoja naye ili asikie akiita. Watu wa kati hawapo. Wako kazini mpaka saa mbili usiku kwa sababu ya foleni, au wako kwetu huku.

Huku wanafanya nini? Wengi wetu tunabeba maboksi, kama wasemavyo vijana, na dada zetu wengi Uingereza na Marekani wanafanya kazi ya kulea wazee. Anamgeuza bibi wa Kizungu kitandani, anamlisha kwa kijiko, anamsikiliza hadithi zake za ujana. Halafu mwisho wa mwezi anatuma pesa Dar ili msichana wa Singida amgeuze mama yake mwenyewe kitandani. Na mama wa yule msichana, kule Singida, nani anamgeuza? Sitaki kumlaumu mtu, kwa sababu nami nimo humo humo. Nasema tu kwamba huo ni mnyororo wa wanawake wa umri mbalimbali kutoka Singida hadi Leicester, na kila mmoja ameshika mkono wa mwanamke ambaye si mama yake. Kama hiyo si mada ya riwaya, basi sijui riwaya ni nini.

Na tazameni nani analipa gharama. Bibi aliyekaanga vitumbua maisha yake yote hana pensheni, kwa sababu kikaango hakichangii mfuko wa hifadhi ya jamii. Zanzibar mwaka 2016 walianzisha pensheni jamii kwa kila mkazi aliyefika miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia, na baadaye wakaiongeza. Ni kidogo, ndiyo, lakini bibi wa Makunduchi anaipokea kwa jina lake, haombi kwa mtoto. Kenya nao walikwenda njia hiyo kwa wazee wa miaka 70 kupitia Inua Jamii. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na bibi wa Magomeni bado anasubiri simu ilie, aone jina la mwanawe aliyetuma. Upande wa pili, sheria ya kazi ya 2004 inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi, na huko ndani ya nyumba nani atakwenda kupima uzito wa kazi ya kumnyanyua mtu mzima? Bibi na msichana wote wawili ni wanawake ambao takwimu haziwaoni vizuri wanapokuwa kazini. Mmoja ameandikwa tegemezi, mwingine ameandikwa "ndugu wa mkuu wa kaya".

Najua kuna watakaosema: Daktari, fasihi si sensa. Mwandishi hana wajibu wa kugawa wahusika wake kwa asilimia. Nakubali kabisa. Singependa kusoma riwaya iliyoandikwa na ofisi ya takwimu. Hoja yangu ni kwamba kila fasihi ina mahali ambapo inakodoa macho na mahali ambapo inafumba, na kazi ya mhakiki ni kuuliza kwa nini. Riwaya yetu ya mjini ilikodoa macho kwenye mwili wa msichana kwa sababu wasiwasi wa enzi ile ulikuwa juu ya mwili huo: nani anaumiliki, nani anaulinda, nani anauharibu. Ulikuwa wasiwasi wa akina baba, hata pale mwandishi alipokuwa upande wa binti. Mwanamke ambaye mwili wake hauwatii tena wasiwasi akina baba, macho yakamteleza.

Wengine watasema Dar bado ni jiji la vijana, wazee wachache mno. Ni kweli. Kitaifa watu wa miaka 60 na kuendelea walikuwa asilimia 5.6 tu mwaka 2012, na mjini vijana wamejaa zaidi ya vijijini. Lakini lile tumbo la wanawake milioni moja lililoongezeka kati ya 2002 na 2012 halitasubiri ruhusa yetu. Msichana aliyeingia Dar mwaka 2005 akiwa na miaka 20 atatimiza 60 mwaka 2045. Wengine wameshaanza kusukumwa na bei za viwanja kwenda Mkuranga, Kisarawe na Kibaha. Ndiyo sehemu ya sababu mkoa wa Pwani uliruka kutoka watu 1,098,668 mwaka 2012 hadi 2,024,947 mwaka 2022, wakati kasi ya Dar yenyewe ilishuka kutoka asilimia 5.6 kwa mwaka hadi 2.1. Huko pembezoni watazeeka mbali na hospitali kubwa, mbali na soko, mbali na mashoga zao wa upatu. Jiji linalokuja ni hilo. Tuna miaka ishirini ya kujiandaa, na kujiandaa kunaanza na kuweza kufikiri, na kufikiri kunahitaji hadithi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Waandishi, mwandikeni mwanamke aliyebaki. Aliyekuja mjini, akaponea chupuchupu, akajenga vyumba viwili, akazika mume, akalea wajukuu, akagombana na mpangaji, akapenda tena akiwa na miaka hamsini na tano, na watu wakamcheka. Walimu wenzangu, siku moja mtungeni swali la mtihani kuhusu Biti Kocho, mwone wanafunzi watakavyostuka. Na ndugu zetu wa takwimu, ongezeni maswali kwa mwanamke aliyepita 49, na kabla hamjamwandika tegemezi, hesabuni sahani zinazotoka jikoni kwake.

Nami nina ombi moja kwenu mnaosoma. Katika vitabu ninavyofundisha sijapata riwaya ya Kiswahili ambayo mhusika wake mkuu ni mwanamke wa miaka 65 au zaidi, mkazi wa Dar es Salaam, anayeishi hapo kwa sababu ndiko kwao, ambaye hakuwekwa kitabuni ili atoe mawaidha, wala aroge mtu, wala afe sura ya tatu ili watoto wagombee nyumba. Kama ipo, nitajieni jina la kitabu na mwandishi, nitakiagiza kesho asubuhi. Kama haipo, basi miongoni mwenu yumo anayepaswa kuiandika.

Nawasilisha.